Baba Amekufa Mara Tano, Nami Sijaangalia Hata Mara Moja

Hatimaye umekumbuka kwamba tupo! Krismasi imepita, Pasaka imepita, mzabibu wa Bi Iole umepanda hadi dirishani kwangu na kuniibia jua, wewe hatujaona hata kisigino chako mtaani. Leo unaniletea barua yenye muhuri wa Torino na sahihi ya "Mwenye Aibu wa Kaskazini". Mwenye Aibu! Mimi niliyekusugua kifua kwa mafuta ulipokohoa utotoni, unanificha jina? Katika Torino nzima kuna mwanamke mmoja tu ambaye baba yake amekufa mara tano kwenye televisheni ya magodoro. Nilifika mstari wa nne nikamwambia paka: huyu ni Ornella.

Naichapa barua yako yote hapa kwenye gazeti la mtaa, bila kukata. Wapo wengine waliohama mtaa wetu huu wa Garbatella, Roma, na kuona haya kurudi. Nao waisome.

*

Mpendwa Bibi mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu jambo lenyewe ukilitaja haraka haraka ni dogo, ni la televisheni tu, lakini mimi limeninyima raha na limenifanya nimkane mtu ambaye sikupaswa kumkana hata kwa kusukumwa. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimezaliwa hapo hapo mnapolisoma gazeti hili, nikaolewa huku Torino, mume wangu ni mtu mwema sina la kumlalamikia, ila watu wa kwao ni wale wanaokula kwa sauti ya chini, kila uma na mahali pake, na tangu siku ya kwanza nimejitahidi nisionekane mtu wa kuja, hata lafudhi yangu ya Roma nimeikunja nikaiweka kabatini kama koti la baridi. Baba yangu alikuwa dereva wa basi, akastaafu, mama akafariki, akabaki peke yake, nami humpigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili tulikuwa tunaongea habari za mvua na magoti yake, basi.

Sasa mwaka jana akaanza kuniambia habari nyingine, kwamba kuna binti wa kituo kidogo cha televisheni, kile kinachouza magodoro tangu asubuhi hadi jioni, ambaye anatengeneza vipindi vya historia ya Warumi wa kale, na kwa kuwa hana farasi wala majumba wala waigizaji anawatumia wazee wa mtaa, na baba yumo. Nikasema vizuri baba, utachangamka. Kipindi cha kwanza kilipotoka akapiga simu siku ya Jumatano, yeye ambaye hapigi simu katikati ya wiki hata kama nyumba inaungua, akaniuliza, "Umeiangalia?" Nilikuwa jikoni, wageni wako sebuleni, nikasema, "Nimeiangalia, baba, nzuri sana." Akaniuliza, "Nilikufa vizuri?" Nikasema ulikufa vizuri mno. Basi nikawa nimenasa, Bibi, maana kilipotoka cha pili sikuweza kusema sijakiona cha kwanza, na cha tatu hivyo hivyo, na kila mara naahidi moyoni kwamba leo nitakaa niangalie vyote, kisha nafungua kompyuta, naona lile shuka lililofungwa begani na ile kofia ya chuma inayong'aa kama sufuria, naifunga. Siangalii, Bibi, kwa sababu naogopa. Naogopa nitamwona baba yangu ni kichekesho, na nikishamwona hivyo sitaweza tena kutomwona hivyo.

Kile cha tembo ndicho kilichonitesa zaidi. Nilijua tu kwamba kilikuwa cha Hanibali wa Kartago aliyevuka milima na tembo wake kuja kuwapiga Warumi, hilo nilisoma shule, kwa hiyo baba aliponiuliza, "Na tembo je, uliwaona?" nikamjibu kwa furaha, "Walinitisha, baba, wakubwa vile!" Akasema tu, "Eh, wakubwa," akaniuliza kama huku bado kuna baridi.

Halafu likaja la mezani. Mpwa wa mume wangu alikuwa na simu yake, mtu fulani amemtumia kipande cha video, mzee mmoja aliyevaa kama Mgaulu, wale maadui wa Roma ya kale, mwenye sharubu za katani anaporomoka ngazi huku bata bukini wakimzomea, na mama mkwe akavaa miwani, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Jamani njooni muone, anaanguka kama gunia la viazi! Hawa si watu wa mtaani kwenu? Unamjua huyu?" Na mimi nikatazama, na nikamwona baba yangu, Bibi, nikayaona yale magoti yake, nikasema, "Hapana. Simjui." Mume wangu aliinamia sahani. Tangu siku ile hatujalizungumza.

Sasa Jumapili iliyopita baba amepiga simu, sauti yake kama ya kijana, anasema kuna kipindi cha sita na cha mwisho, na safari hii hafi, safari hii yeye ni jemadari anayerudi mjini na ushindi, anapita juu ya gari na mji mzima unamshangilia, na nyuma ya jemadari kwa desturi ya Warumi wale husimama mtumwa mmoja anayemshikia taji juu ya kichwa na kumnong'oneza sikioni kwamba asijisahau, yeye ni binadamu tu. "Nimeulizwa namtaka nani," akasema. "Nafasi hiyo nimekuwekea wewe." Wanapiga picha Jumapili ya kwanza ya Mei, na siku hiyo hiyo ni chakula cha sikukuu ya kuzaliwa ya mama mkwe.

Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja tu, Bibi, kwa sababu wewe umeviona: je, vipindi hivi vina thamani ya kuangaliwa? Ukiniambia vinafaa, nitakaa nivitazame vyote kwa mkupuo, nipate la kusema, nije. Ukiniambia havifai, nitamwambia baba nimebanwa na kazi, ili angalau nisisimame nyuma yake nikiwa namwonea haya. Naomba unijibu upesi.

Mwenye Aibu wa Kaskazini

*

Ornella,

Hakukuwa na tembo.

Nimelitanguliza hilo ili uketi chini. Tembo angetoka wapi, mwanangu? Fulvia, huyo binti wa televisheni, aliomba hata punda akakosa. Yule binti alikuja kwenye jumba la kufulia, tulipokuwa tunamenya njegere, akatuambia, "Wazee wangu, tembo sina. Nina ukuta, na nina nyuso zenu." Akawapanga akina baba yako mbele ya ukuta wa kiwanja cha kuanikia, akamficha Mzee Duilio nyuma yake na bomba la sinki, akasema, "Duilio akipuliza, nyinyi tazameni juu, pale penye kamba ya Bi Iole. Hapo ndipo kilipo kichwa cha tembo." Duilio akapuliza. Mlio ule! Mbwa wa mtaa mzima walijibu. Wale wazee wakatazama juu, na mimi nakwambia, mimi niliyekuwa nimekaa na bakuli mapajani, niliacha kumenya. Waliogopa kweli. Baba yako midomo ilimcheza. Kipindi kilipotoka, tembo hawakuonekana hata mkia. Zilionekana nyuso tu, moja baada ya nyingine, na kivuli cha shuka.

Toka siku hiyo imekuwa salamu yetu. Mtu akiingia kununua mkate anaulizwa, "Tembo uliwaona?" Naye anajibu, "Niliiona sura yako, ilinitosha!" Watu wanacheka. Baba yako alikupa salamu hiyo kwenye simu kama tunavyopeana sisi. Hakukutegea mtego. Alikufungulia mlango ucheke naye, wewe ukaenda kugonga ukuta.

Nilikuwepo alipotuletea jibu lako. Aliingia jumba la kufulia, kofia mkononi.

"Nimempigia Ornella," akasema.

"Anasemaje?" Bi Iole akamuuliza. "Amewaona tembo?"

"Amewaona. Anasema walikuwa wakubwa."

Kisha Duilio, unamjua alivyo, hana breki, akasema, "Tembo gani, Nazzareno?"

"Na mimi nauliza," baba yako akasema, "tembo gani."

Akacheka yeye wa kwanza, tukacheka wote, Bi Iole akamwaga njegere. Halafu baba yako akatoa miwani akaanza kuifuta, akaifuta, akaifuta, na miwani ilikuwa safi.

Kwa hiyo hiyo siri yako unayoitunza kama yai, binti yangu, haipo. Anajua hukuangalia cha tembo. Anajua hukuangalia chochote. Mtu aliyeendesha basi miaka yote ile hajui nani amekata tiketi na nani anatazama dirishani? Anajua. Na juu ya kujua kwake, siku Fulvia alipouliza nani asimame nyuma ya jemadari, Duilio alinyanyuka, akajipangusa koti, akasema, "Niwekeni mimi. Mtoto wa Torino haji."

Baba yako akamwambia, "Keti chini, Duilio. Nafasi ina mwenyewe."

Ndiyo maana nakugombeza, na nitakugombeza vizuri. Kumdanganya baba kwamba umeangalia televisheni, hilo nalisamehe hata kabla kahawa haijachemka, nani kati yetu hajasema supu ya jirani ni tamu. Lakini lile la mezani, "Simjui"! Ulimtazama magoti, magoti yaliyokubeba hadi shuleni mgomo wa mabasi ulipoichosha miguu yako, ukasema simjui, ili mwanamke mwenye kila uma na mahali pake asikuone mtu wa kuja! Na mume wako akainamia sahani. Huyo mume nimempenda kwa kuinama kule. Alikusubiri useme. Bado anakusubiri.

Sasa umeniuliza kama vipindi vinafaa kuangaliwa, nami sitakupaka mafuta. Mimi darasa sijawahi kuliona kutoka ndani, herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu juu ya meza ya jikoni, kwa hiyo kama Warumi walivaa hivi au vile usiniulize. Nitakwambia nilichokiona.

Cha kwanza ni kibaya. Ni kibaya hasa. Ni kile cha ndugu wawili wanaoujenga mji, mmoja anaruka ukuta wa mwenzake, anauawa. Anayeua ni mkwe wa mwoka mikate, kijana wa miaka ishirini na kitu. Anayeuawa, pacha wake, ni baba yako mwenye miaka sabini na sita. Pacha! Ukuta ni vyungu vyangu vya maua. Baba yako aliruka kile cha mrehani, akasimama, akafikiri, kisha ndipo akafa, na alipokwisha kufa akasogeza mguu usije ukavunja chungu. Ndege ilipita juu. Huyo pacha mwingine akatoa hotuba ya kuanzisha Roma, nyuma yake ikaonekana nguo ya ndani ya mtu, sitamtaja.

Cha pili ni hicho walichokicheka huko kwenu. Nacho kina habari yake, wala huko Torino hawawezi kuijua. Hakuna mtu wa Garbatella aliyekubali kuwa Mgaulu. Wagaulu waje wauteketeze mji, na sisi tuwacheze? Fulvia alizunguka ngazi zote akipiga hodi, kila mlango unamjibu, "Mimi ni Mrumi, niandike upande wa Warumi." Wakaishia Warumi wengi kama soko la Jumamosi na adui hata mmoja hayupo. Mwishowe akaenda kuwaomba wale wachache wa mtaa wetu wanaoshangilia ile timu nyingine ya mpira ya Roma, ya bluu ya anga, mahasimu wetu, maana hao wamezoea kuzomewa. Wakaja saba. Hawatoshi kushambulia hata kibanda cha magazeti. Ndipo baba yako, ambaye ndani ya jeneza lake ataomba skafu ya njano na nyekundu ya timu yetu, akavua kofia ya Kirumi, akasema, "Nipeni hizo sharubu." Watu wakapiga kelele, "Nazzareno, msaliti! Nazzareno, hata wewe!" Naye akasema, "Bila wa kuwafukuza, nyinyi mtamshinda nani?" Akapanda ngazi za jengo letu na wale saba wa bluu, bata bukini wakaachiwa, kama wale waliowaamsha Warumi wa kale usiku wa shambulio, akaporomoka. Gunia la viazi, sawa. Lakini alianguka yeye ili mtaa upate ushindi. Hicho ndicho mama mkwe wako alichokicheka bila kujua.

Toka hapo, Ornella, vikaanza kuwa vizuri, sijui vilianzia wapi. Mashuka ni yale yale, moja la Bi Iole lina mpira pembeni, seneta aliyelivaa alionekana kama uyoga. Damu ni nyanya zangu za chupa za mwaka juzi. Sauti inakwenda na upepo. Lakini hawa watu waliacha kuigiza. Kwenye kile cha watumwa walioasi, baba yako alikufa ameshika mkono wa mmoja wa wale saba wa bluu, na huyo wa bluu alilia, na hakuwa ameambiwa alie. Kwenye kile cha moto ulioteketeza Roma, Fulvia aliwaambia, "Kila mtu apande kwake, atoke na kitu kimoja anachotaka kukiokoa." Hakuwaambia kingine. Bi Iole akatoka na kitasa cha mlango wa nyumba waliyobomolewa kwao zamani. Mwoka mikate akatoka na chachu yake kwenye bakuli, ameikumbatia. Baba yako akatoka amembeba Duilio mgongoni.

"Nishushe, mpumbavu wewe, utakufa kweli!" Duilio anapiga kelele.

"Nyamaza, una mguu mbovu!"

"Fulvia amesema kitu! Mimi ni kitu?"

"Kwani wewe ni nini?"

Fulvia aliliacha lote limo, matusi na yote. Baba yako akamfikisha Duilio kwenye maji ya jumba la kufulia, akamtua, kisha akakaa, akafa kwa moshi. Alikufa taratibu, anatutazama mmoja mmoja, kama dereva anayehesabu abiria kwenye kioo kabla ya kufunga milango. Tulikiangalia kile kipindi wote pamoja, kimemulikwa kwenye shuka lililotundikwa ukutani, jumba la kufulia limejaa mpaka vijana wamekaa juu ya mabeseni, na kilipoisha hakuna aliyesogea. Halafu mtu mmoja akapiga makofi. Halafu jumba lote. Walimnyanyua, Ornella! Walimnyanyua baba yako na kiti chake, wakamtoa nje hadi uani, wanawake wanagonga masufuria madirishani, na yeye anasema, "Nishusheni, nina presha," na hakuna aliyemshusha.

Sasa hivi hatembei hatua kumi bila kusimamishwa. Sokoni wanamuuliza, "Nazzareno, leo umekufa?" Basi la njia yake ya zamani husimama pasipo kituo ili dereva amsalimie. Kipindi cha sita hakikuwepo kwenye mpango. Vilikuwa vitano, vinaishia na moto. Ni watu waliokiandikia kile kituo, wakaandika, wakaandika, mpaka tangazo la godoro likasogezwa. Fulvia akatuambia kwamba kwa historia, maandamano hayo ya ushindi yalikuwa ya kabla ya moto ule. Bi Iole akamwambia, "Mwanangu, historia ifanye inavyotaka. Sisi hatumalizi kwa moto."

Kwa hiyo jibu langu hili hapa: vinafaa. Ni vya rahisi, ni vibovu, vinafaa kuliko vile vyenye farasi mia. Na wewe nakukataza kuviangalia.

Ndiyo, nakukataza. Umesikia. Usikae huko peke yako usiku kucha kumeza vipindi vitano kama dawa ya minyoo ili upate la kusema. Ulilonalo la kusema linatosha. Na hiyo hofu yako kwamba utamwona kichekesho, nikuondolee hapa hapa: utamwona. Sisi sote tumemwona. Tulimcheka siku nzima kwa kile chungu cha mrehani. Kwani mtu unayemcheka humpendi? Sisi huku tunacheka watu wetu na kuwabeba juu, siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio ninaokupa.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, mpigie mama mkwe wako simu. Usimwandikie. Mwambie, "Yule Mgaulu wa ngazi ni baba yangu. Nilikudanganya." Usiongeze maelezo, usiombe radhi kwa sharubu. Kisha mwambie Jumapili ya kwanza ya Mei hutakuwepo mezani kwake kwa sababu baba yako anaingia Roma na ushindi. Akikasirika, mwache akasirike, amekaa na wewe miaka hiyo yote na hajakuona ukikasirika, atajifunza. Asipokasirika, mwalike. Nasema kweli, mwalike yeye na mume wako na huyo mpwa mwenye simu. Jemadari wa Kirumi alitanguliwa na mateka wanaotembea mbele ya gari, Fulvia ametuonyesha kwenye picha, na sisi tuna upungufu mkubwa wa mateka; kila mtu wa huku anataka kuwa wa kushangilia. Watavaa vizuri tu, shuka safi. Baada ya hapo watakula maharage mabichi na jibini la kondoo uani pamoja nasi, kwa mikono, kwa sauti ya juu.

Na usije na maneno ya kumpamba baba. Desturi yenyewe haitaki. Askari wa jemadari humwimbia nyimbo za kumtukana njia nzima, ili asivimbe kichwa, na Duilio ameshatunga ishirini. Kuna moja inasema huyu mshindi wa mataifa alimwunguza sungura kwenye oveni mpaka wazima moto wakaja kula. Nyingine siwezi kuiandika gazetini. Wewe sifa waachie wengine.

Gari ni lile la mwuza matunda la magurudumu matatu, limewekewa mbao mbele. Farasi ni wawili, wa yule bwana wa kuzungusha watalii, wanatembea mbele kwa heshima tu, hawavuti kitu. Baba yako atakuwa amepakwa uso rangi nyekundu, usishtuke, ndivyo walivyofanya. Ni rangi ya mdomo ya Bi Iole, tumemaliza vijiti vitatu kwa majaribio.

Ukifika, usipite mlango wa mbele, watakukumbatia hadi kamera izime. Pita kiwanja cha kuanikia. Usimsalimie baba yako, usimwite. Panda nyuma yake kabla hajageuka, shika taji kwa mikono miwili, na gari likianza kwenda, mdomo uusogeze sikioni kwake. Wale wa kale walimwambia jemadari kwamba ni mtu tu, naye atakufa. Hayo usipoteze pumzi kumwambia, kufa ndiyo kazi yake mwaka mzima. Wewe mwambie, "Baba, sijaangalia hata kimoja. Na mezani nilisema sikujui." Gazeti hili atakuwa amelisoma kwa kinyozi, usihangaike, kunisoma mimi si kukusikia wewe. Mwambie yote mawili. Atageuka, Fulvia atapiga kelele kwamba jemadari hageuki nyuma, mwache apige kelele. Wewe taji usilishushe. Nyumba zote zitakuwa madirishani, masufuria yatalia, na wewe shikilia taji juu ya kichwa cha baba yako mpaka gari lisimame.